Ringi ya pistoni ilianzia wapi? Nauliza nikiwa gereji Kizota

Spana_Kumi na Nne – Kizota, Dodoma

Wakuu habari za jioni, wakubwa zangu shikamooni. Mimi najifunza ufundi pikipiki hapa Kizota huu mwaka wa pili, zamani nilikuwa boda. Nina swali limenikaa kichwani tangu asubuhi na hapa gereji hakuna wa kunijibu.

Wiki tatu zilizopita jamaa mmoja wa boda anayepiga ruti ya Nanenane alileta pikipiki yake ya cc 125, inakula oili hatari na nyuma inatoa moshi wa bluu. Bosi akanipa niifanye mwenyewe, nikashusha injini, nikafunga pistoni mpya na ringi mpya, ikawaka vizuri, jamaa akalipa akaondoka anacheka. Leo asubuhi karudi, moshi ni ule ule, na kelele juu. Imeniuma sana maana yule ana watoto na siku ambayo pikipiki imelala hapa yeye hali.

Nimeifungua tena sasa hivi nimekaa kwenye ndoo nimeshika ringi mkononi naiangalia. Ni duara jembamba tu la chuma ila limekatwa mahali pamoja. Nikawaza hivi, hiki kitu kazi yake ni kuziba upepo usipite kati ya pistoni na ukuta wa silinda, sasa mtu gani alikaa akafikiria kwamba ili kizibe vizuri lazima kwanza ukikate? Bosi anasema aliyegundua injini ndiye aliyegundua na ringi. Mimi siamini.

Naomba anayejua anieleze ni nani, na kwa nini inakatwa, na kama kuna fundi humu aniambie nimekosea wapi.

---

Zabibu ya Hombolo

Swali zuri sana hili kaka, ngoja nikae hapa nisubiri wanaojua.

---

Mzee wa Reli – Kikuyu, Dodoma

Marahaba kijana. Umegusa penyewe. Mimi ni mstaafu, nilikuwa fita kwenye karakana ya vichwa vya dizeli Morogoro, ringi nilizokuwa nafunga mimi zilikuwa kubwa kama sahani ya wali, ila ni ndugu wa damu na hiyo uliyoshika.

Bosi wako kakosea. Injini ya mvuke ilifanya kazi miaka mingi sana kabla ya ringi hiyo kuzaliwa. Enzi za James Watt pistoni walikuwa wanaizungushia kamba za katani (si mkonge huu wetu wa Tanga, ni mmea mwingine wa kule kwao) wanaipaka mafuta ya mnyama, wanaishindilia mpaka ibane. Inaungua, inalika, inavuja, unafungua unashindilia tena. Baadaye wakaja na vipande vya chuma vinavyosukumwa na springi ndogo ndogo kutoka ndani ya pistoni, ikawa nzito, ina vitu vingi vya kuharibika, na msuguano mkubwa.

Aliyetoa ringi unayoiona wewe, ya kipande kimoja, nyembamba, inayokaa kwenye mfereji wake, anaitwa John Ramsbottom. Mwingereza, wa enzi za Malkia Victoria. Kazaliwa 1814 kwenye mji unaitwa Todmorden, baba yake alikuwa na kiwanda cha kusokota pamba kinachoendeshwa na mvuke. Kwa hiyo yule mtoto kakua anasikia injini kama wewe unavyosikia boda. Baba yake akampa mashine ya kukereza chuma akiwa bado kijana, akawa anajitengenezea vijiinjini vidogo vya mvuke. Hakupita chuo kikuu chochote. Mwaka 1839 akaenda Manchester kufanya kazi kwenye kiwanda cha Sharp, Roberts, ndiko alikojifunza vichwa vya treni, na pale alikuwepo Mjerumani mmoja fundi mkubwa, Charles Beyer, ambaye alimuona kijana ana kitu, akampendekeza. Mwaka 1842 Ramsbottom akawa msimamizi wa injini wa kampuni ya reli ya Manchester na Birmingham, karakana iko Longsight.

Sasa ndiyo nije kwenye swali lako la kukata. Ringi ambayo haijakatwa ni bangili tu, haiwezi kutanuka wala kusinyaa. Ukiitengeneza iwe saizi ya silinda kamili itaingia kwa shida leo, kesho ikilika kidogo tu inacheza na mvuke unapita pembeni. Yeye alichofanya, hataza yake (hati ya kumiliki ubunifu) ni ya 1852, alichora mifereji mitatu membamba kwenye pistoni, halafu akakunja chuma chembamba kuwa duara ambalo ni KUBWA kuliko silinda, karibu sehemu moja ya kumi zaidi, likiwa wazi mahali pamoja. Ukilibana ndiyo linaingia. Na likiwa ndani muda wote linataka kurudi ukubwa wake, kwa hiyo linasukuma ukuta lenyewe. Ringi ndiyo springi. Zile springi zote za ndani akazitupa. Ufa ule unaokusumbua wewe ndio unaoipa ringi nguvu.

Ila kwanza haikuwa sawa kabisa. Ringi iliyo duara kamili ukiibana haisukumi ukuta sawasawa pande zote, kuna mahali inasukuma sana kuna mahali inalegea, basi inalika upande. Akarudi mezani, kufika 1855 akatoa ringi ambayo ikiwa nje haiko duara kamili, imepinda kwa hesabu, ukiibana ndani ya silinda ndiyo inakuwa duara. Ringi zile zilikuwa zinafika maili 4,000, yaani kama kilometa 6,400, kabla ya kubadilisha. Kwa wakati ule na kwa mvuke ule, ilikuwa habari kubwa.

Chukua hiyo ringi yako uiangalie ikiwa nje ya silinda. Utaona haiko duara kamili. Ni mkono wake huo.

---

Spana_Kumi na Nne

Mzee wangu asante sana aisee. Nimeiweka juu ya glasi ya chai nikaizungusha na kweli kabisa haiko duara!! Miaka miwili nazifunga sijawahi kuona. Nimemuita bosi naye kaangalia kanyamaza.

---

Mwl. Fizikia Bahi

Nimefurahi kuona jina la Ramsbottom humu maana mimi namtumia darasani na wanafunzi wangu hawajawahi kumsahau, ila simtumii kwa ringi, namtumia kwa maji.

Treni ya mvuke inakunywa maji sana kwa sababu mvuke ukishasukuma pistoni unatupwa nje kwenye bomba la moshi, haurudi. Kwa hiyo makaa unaweza kuwa nayo lakini maji yakiisha lazima usimame. Sasa 1860 kulikuwa na treni ya barua za Ireland kutoka London kwenda bandari ya Holyhead, na wakubwa wanataka iende haraka zaidi. Kusimama kujaza maji ndiko kunakoua muda. Wakati huo Ramsbottom yuko Crewe kwenye karakana kubwa ya London and North Western (alipewa Crewe 1857). Akalaza mfereji wa chuma katikati ya reli mbili, mrefu karibu mita 400, mahali panaitwa Mochdre kaskazini mwa Wales, ukajazwa maji. Chini ya behewa la maji akafunga kama kijiko kikubwa kilichopinda kuangalia mbele. Treni inakuja na spidi zake, fayamani (mchochea moto) anakishusha kijiko kwenye maji, na maji yanapanda yenyewe juu mpaka kwenye tanki. Hakuna pampu. Mwisho wa mfereji anakipandisha, safari inaendelea.

Wanafunzi huwa wanabisha, maji yatapandaje bila pampu? Ndiyo nawapa hesabu. Chukua spidi, izidishe kwa yenyewe, gawa kwa 19.6, unapata maji yanaweza kupanda mita ngapi. Treni ikienda kilometa 24 kwa saa hiyo ni mita 6.7 kwa sekunde, ukifanya hesabu unapata mita 2.3 hivi, ambayo inatosha kuingia juu ya tanki. Huo ni mwendo wa baiskeli tu. Sasa kwenye kilometa 80 kwa saa hesabu inatoa mita 25, ina maana maji yanaingia kwa nguvu kubwa mno, na mita 400 unazimaliza kwa sekunde 18. Sekunde 18 tanki limepata maji ya kutosha kusonga mbele.

Huwa nawapeleka nje na ndoo ya maji na kipande cha mpira wa bomba kilichokunjwa. Unauchovya mdomo mmoja, unauburuta kwenye maji kwa kasi, maji yanaruka upande wa juu yanawalowesha. Basi hapo hakuna anayebisha tena.

---

Nkuhungu Finest

Mwalimu hii ni kali sana. Sasa swali, kwa nini sisi hatukuwekewa hii kwenye reli ya kati? Babu yangu alikuwa anasema treni ya makaa ilikuwa inasimama kila mahali kunywa maji, safari ya Tabora inakuwa ndefu balaa.

---

Mzee wa Reli

Mwalimu nakusalimu, umefundisha vizuri kuliko nilivyofundishwa mimi.

Nkuhungu, marehemu baba yangu alikuwa fayamani kwenye reli hii hii ya kati, kwa hiyo hili nalijua kwa kuona. Ule mfereji unataka mambo matatu: reli iwe tambarare kabisa maana maji hayakai kwenye mteremko, treni ziwe nyingi na za haraka ili gharama irudi, na maji yawepo mengi maana kila treni ikipita mengi yanaruka pembeni yanamwagika. Sasa niambie Ugogo hapa. Wajerumani walifika na reli Dodoma 1910, Tabora 1912, Kigoma 1914, na kitu kilichowatesa ni maji. Mpaka leo mji huu unategemea visima vya Mzakwe. Umwage maji katikati ya reli Bahi au Kintinku, mwezi wa kumi, wananchi wanatembea na madumu? Na ukitoka Saranda unapanda ule ukuta wa bonde la ufa kwenda Manyoni, tambarare hakuna.

Kwa hiyo kwetu treni ilisimama. Kuna bomba kubwa la chuma limesimama kama shingo ya twiga, linazungushwa juu ya tanki, fayamani anapanda juu anashika turubai la mdomoni, mwingine anafungua. Mimi nikiwa mdogo nilikuwa nampelekea baba ugali wa uwele na mlenda kwenye kibakuli kimefungwa kitambaa, nasimama pale kwenye matone yanayodondoka nanawa uso, maana nyumbani maji ya kunawa uso hivyo hivyo hayakuwepo. Akina mama walikuwa wanakuja na vibuyu kukinga yanayodondoka. Msimamizi mmoja alikuwa anawafukuza na mwingine alikuwa anajifanya hajaona.

Ila kuna uzi unaotuunganisha na huyu bwana. Yule Charles Beyer aliyempendekeza alianzisha baadaye kiwanda chake na mwenzake, Beyer, Peacock, pale Gorton, Manchester. Ramsbottom uzeeni akawa mmoja wa wakurugenzi wa kiwanda hicho. Na Gorton ndiko zilikotoka Garratt nyingi za reli za Afrika Mashariki, zile ndefu zenye tanki mbele na nyuma. Yeye hakuzitengeneza, alikuwa ameshafariki kabla Garratt haijabuniwa, alifariki 1897. Lakini baba alikuwa anasema mashine ya Gorton ukiisikiliza inavyopumua unajua pistoni zake haziibi mvuke.

---

Dada wa Spea Majengo

Mzee hapo kwa akina mama na vibuyu umenikumbusha bibi yangu.

Mimi nauza spea na kitu nilichokuwa sijui nikakipata kwa mume wangu anayependa sana mambo ya treni, ni kwamba huyu Ramsbottom huyu pia ni kama baba wa biashara yangu. Alipofika Crewe alikuta vichwa vya treni kila kimoja na mambo yake, hiki kifaa hakiingii kwenye kile. Kuanzia 1858 akaanza kutoa aina moja ya kichwa cha mizigo, wanaiita DX, na akang'ang'ania vifaa vyake vifanane ili cha hiki kiingie kwenye kile. Zilitengenezwa 943 za aina hiyo moja. 943! Za kwao nyingi na nyingine 86 wakawauzia kampuni jirani ya Lancashire and Yorkshire mpaka wajenzi wengine wa vichwa wakalalamika. Na mwaka 1864 akaweka mtambo wa kuyeyusha chuma cha pua pale pale Crewe kwa njia ya Bessemer (kupuliza hewa kwenye chuma kilichoyeyuka) ili asitegemee mtu wa nje.

Mtu akija dukani akaniambia nataka ringi za cc 125 saizi ya kawaida, nikainuka nikampa bila kuona injini yake, huo mpangilio kuna watu waliupigania. Mteja mwingine anakuja na ringi ya zamani kwenye kiganja kama pete ya ndoa anataka nimtafutie inayofanana, huyo namuonea huruma maana najua mashine yake ni ya zile ambazo hazina mwenyewe.

---

Nkuhungu Finest

Sawa nimeelewa. Ila kama alifanya yote hayo mbona hatumjui? Shule tuliambiwa Watt, Stephenson, basi.

---

Mwl. Fizikia Bahi

Mimi nafikiri ni kwa sababu hakujenga kitu ambacho mtu anaweza kupiga picha mbele yake. Stephenson ana treni, Brunel ana madaraja na meli. Ramsbottom vitu vyake viko ndani ya vitu vya watu wengine. Ringi iko ndani ya silinda, imefunikwa, ukiiona ujue kuna kitu kimeharibika.

Kuna kimoja kilionekana ila watu walichukulia ni sehemu ya boila tu, ile valvu yake ya usalama. Mzee hiyo nakuachia wewe.

---

Mzee wa Reli

Hiyo naipenda kuliko zote na nitawaambia kwa nini.

Boila ya mvuke lazima iwe na valvu inayofunguka yenyewe mvuke ukizidi. Zamani valvu ilikuwa inashikiliwa na springi yenye mkono ambao dreva anaufikia. Sasa dreva ana mlima mbele, mabehewa mazito, kachelewa, anajua presha ikipanda zaidi atapanda mlima. Anafanya nini? Anaukaza ule mkono. Au anaufunga na waya, au anaweka uzito juu. Mlima anapanda. Siku ya kumi boila inapasuka, na boila ikipasuka hakuna majeruhi pale, ni kuokota. Sheria ziliwekwa, watu walifukuzwa kazi, haikusaidia maana mwenye mlima mbele ni dreva, mkubwa yuko ofisini.

Ramsbottom katikati ya miaka ya 1850 akafanya hivi. Weka valvu MBILI, zimesimama kama nguzo mbili pacha. Juu yake laza mkono mmoja wa chuma unaozikandamiza zote mbili, na springi moja katikati ya hizo nguzo inauvuta huo mkono chini. Mwisho wa mkono unatokeza mpaka kwa dreva. Dreva akisema ngoja niukandamize, upande wake unashuka na upande wa pili unanyanyuka, valvu ya pili inafunguka, mvuke unatoka. Akiunyanyua juu, valvu ya upande wake inapumua. Yaani vyovyote utakavyoushika, mvuke unatoka zaidi, hauongezeki. Na ule mkono akauacha kwa dreva kwa makusudi, ili dreva auguse kila mara ahakikishe valvu hazijaganda. Kile kile kilichokuwa kinatumika kuchezea usalama akakigeuza kuwa cha kupimia usalama.

Baba alishuhudia jamaa yake kaunguzwa na mvuke, si kwa valvu, ni bomba lilipasuka kwenye kichwa, sitaki kuelezea zaidi. Alikuja nyumbani usiku akakaa nje kwenye kigoda mpaka kukacha, mama akimwita hajibu. Kwa hiyo mtu aliyekaa mezani akamfikiria dreva na fayamani ambao hatawaona maishani, akawatengenezea kitu ambacho hata kwa makosa yao wenyewe hakiwaui, mimi huyo namheshimu kama mzazi.

---

Zabibu ya Hombolo

Mzee pole sana kwa hilo. Mungu amrehemu mzee wako.

Naongezea ya kwangu kidogo maana nilisoma mahali habari ya ule mfereji wa maji. Januari 1862 Marekani wako kwenye vita yao ya wenyewe kwa wenyewe, meli ya vita ya upande wa Kaskazini ilikuwa imesimamisha meli ya Waingereza inaitwa Trent ikakamata wajumbe wawili wa Kusini, Uingereza ikakasirika karibu waingie vitani. Waya wa kwanza wa simu ya maandishi wa kuvuka bahari ya Atlantiki ulikuwa umekufa 1858 na mwingine unaofanya kazi ulikuja 1866, kwa hiyo jibu la Marekani linakuja kwa meli, kwenye karatasi. Lilipofika Holyhead likapakiwa kwenye treni inayovutwa na kichwa cha Ramsbottom kinaitwa Watt, kikaenda mpaka Stafford bila kusimama hata mara moja, karibu kilometa 210, maji kinayachota njiani pale Mochdre. Masaa mawili na nusu hivi. Ni kama utoke Dodoma ukaribie kabisa Singida, mwaka 1862! Na jibu lenyewe lilikuwa la amani, wale wajumbe wanaachiwa.

Juzi nimepanda SGR kwenda Dar nikawa nawaza, hii ya umeme haina maji haina makaa, inakwenda tu, lakini mtu wa kwanza aliyeumizwa kichwa na swali la kwamba treni isisimame alikuwa yule.

---

Fundi Mashine Chang'ombe

Nimesoma yote, historia nzuri, ila kijana wa mwanzo bado jamaa wa boda anasubiri pikipiki. Turudi kwenye silinda.

Swali langu kwako: ulipofunga pistoni mpya na ringi mpya, silinda uliifanya nini? Uliipeleka boringi (kuchongwa upya ndani) au uliifunga vile vile?

---

Spana_Kumi na Nne

Niliifunga vile vile mkuu. Nilipitisha kidole ndani nikaona laini.

---

Fundi Mashine Chang'ombe

Kidole hakipimi. Fanya hivi sasa hivi. Toa ringi ya juu kwenye pistoni, iingize peke yake kwenye silinda, isukume kwa kutumia kichwa cha pistoni ili ikae sawa isiegemee. Pima ufa wake kwa fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi. Pima sehemu tatu: chini kabisa ambako ringi huwa hazifiki, katikati, na juu pale pistoni inapogeukia. Niandikie namba zote tatu. Halafu niambie pia, ufa wa ringi zote tatu uliupangaje? Na ile alama ya herufi kwenye ringi iliangalia wapi?

---

Spana_Kumi na Nne

Alama iliangalia juu, hiyo bosi alinifundisha. Ufa nilipanga kila mmoja upande wake. Nimepima sasa, kwa milimita:

Chini 0.25
Katikati 0.45
Juu 0.70

---

Mwl. Fizikia Bahi

Hapo kuna hesabu tamu. Ufa umekua kutoka 0.25 mpaka 0.70, tofauti 0.45. Ufa uko kwenye mzunguko wa duara, kwa hiyo gawa kwa 3.14 upate kipenyo. Ni milimita 0.14. Silinda yako juu ni pana kuliko chini kwa milimita 0.14.

---

Fundi Mashine Chang'ombe

Mwalimu kamaliza. 0.14 kwa injini ndogo kama hiyo ni nyingi. Silinda imekuwa kama faneli, juu pana chini nyembamba, na ringi mpya kila ikipanda inafunguka ikishuka inabanwa, oili inapita. Hata ungefunga ringi za dhahabu. Ile ringi ina uwezo wa kufuata ukuta, ndiyo kazi aliyopewa na huyo mzee wa Todmorden, lakini haiwezi kunyoosha ukuta. Boringi, halafu pistoni na ringi za ovasaizi (kubwa kidogo kuliko za kawaida). Ukishafungua angalia na sili za valvu maana nazo zinatoa moshi wa bluu hivyo hivyo, usije ukarudia mara ya tatu. Na baada ya kufunga jamaa asiivute sana kilometa za mwanzo, ringi na ukuta vinahitaji kuzoeana.

---

Dada wa Spea Majengo

Ovasaizi ninayo, 0.50. Mwambie jamaa wa boda aje mwenyewe kesho asubuhi nitampa kwa bei ya jumla, pesa nyingine atamalizia akianza kupiga kazi.

---

Spana_Kumi na Nne

Dada Mungu akubariki. Nimempigia sasa hivi kasema saa moja yuko hapo kwako. Silinda naipeleka Chang'ombe nikitoka tu nyumbani, na ya ufundi nailipia mimi maana kosa ni langu sikupima.

Mzee wa Reli, hizi ringi za zamani sizitupi. Moja nimeitundika kwenye msumari juu ya benchi.